Hisa za Babu, Sarafu za Mjukuu

Mzee mmoja wa Kathonzweni amehifadhi stakabadhi ndani ya Biblia yake tangu mwaka 2008. Mwaka huo serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa Sh5 kila moja. Mzee aliuza mbuzi na magunia ya ndengu, akaomba hisa 2,000, kiwango cha chini kilichoruhusiwa. Waombaji walikuwa wengi mno. Akapewa sehemu ndogo tu, pesa zilizosalia zikarejeshwa. Mwaka uliofuata bei ilishuka chini ya Sh3, majirani wakamcheka. Hakuuza.

Mjukuu wake alipata mali ya aina nyingine. Mnamo Julai 2023, alikuwa miongoni mwa vijana waliopiga foleni katika jumba la KICC, Nairobi, wakapigwa picha za mboni za macho ili wapewe sarafu 25 za kidijitali za Worldcoin, zilizothaminiwa wakati huo kwa zaidi ya Sh7,000. Tarehe 2 Agosti serikali ikaisimamisha shughuli hiyo. Wengi waliziuza upesi sarafu zao. Yeye alizihifadhi simuni. Machi 2024, sarafu moja ilipofikia karibu dola 11, alipanda matatu hadi Kathonzweni kumshawishi babu auze hisa zake wanunue sarafu zaidi.

"Babu, sisi sote ni wawekezaji," alisema.

"Vyema, mjukuu wangu. Kampuni hiyo ikipata faida, wewe huletewa ngapi?"

Kijana hakuwa na jibu. Tools for Humanity, kampuni iliyoanzisha mradi huo, ina wenye hisa wake, na mwenye sarafu si mmoja wao. Kampuni ikineemeka, hana haki ya kudai senti. Wakurugenzi wakichaguliwa, hana kura. Sarafu yake ina bei kwa sababu yupo mtu mwingine aliye tayari kuinunua, basi. Babu, kwa upande wake, alilipwa mgao wa Sh1.20 kwa kila hisa kwa mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2024, bila kuuza hata moja. Jina lake limo katika daftari la wanahisa, na mkutano mkuu wa mwaka hauwezi kumfungia mlango.

Lugha yenyewe ilikwisha kulitambua jambo hili. Hisa ni fungu, na fungu halina budi kuwa la kitu kizima. Sarafu haidai kizima chochote.

Hata hivyo, kijana hakushindwa kabisa. Alimkumbusha babu yaliyoisibu Mumias, kampuni ya sukari iliyowekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Alisema kweli: kampuni ikianguka, mwenye hisa hulipwa mwisho, baada ya wadai wote, na aghalabu hakuna kinachobaki. Isitoshe, sarafu huuzwa hata usiku wa manane bila dalali.

"Na ukilisahau neno la siri, utakwenda ofisi gani?" babu aliuliza.

Hisa hazikuuzwa. Kufikia mwaka 2025 sarafu ile ilikuwa imeshuka chini ya dola 1. Mwaka huo Kenya ilipata sheria ya kuwapa leseni wafanyabiashara wa mali hizo, lakini leseni ya muuzaji haiigeuzi sarafu kuwa hisa. Kijana angali anazo zake 25. Neno la siri ameliandika kwenye kikaratasi, akampa babu alitie ndani ya Biblia ile ile.