Baruti na Jiwe

Kutoka Magongo hadi Ngomeni si mbali: ukishapita Changamwe na kuvuka Makupa, umo kisiwani. Ngome hiyo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani wakaizingira tangu 1696 hata 1698. Mizinga ingalipo. Tulipowapeleka vijana wa madrasa, walitaka hasa kujua bunduki ya gumegume ilipigwaje. Baruti, yaani shura, kiberiti na makaa, ilimiminwa mtutuni, ikafuata risasi, vikashindiliwa kwa mdeki. Kisha baruti kidogo kifani. Jiwe likigonga chuma, cheche huruka. Unyevu ukiingia, hapana mlio. Na hewa yetu ya pwani mwaijua.

Oman wangali wakizipiga bunduki za baruti, ingawa zao ni za utambi, katika razha ya Idi na ya harusi. Fahari ile twaipenda. Lakini magobori yaliingia bara kwa kubadilishwa na pembe, na watu pia. Katika mababu zetu wa pwani wamo waliouza na wamo waliouzwa. Hilo nalo vijana waliambiwa, mbele ya mizinga.

Mwendao, nendeni asubuhi. Jua la adhuhuri juu ya kuta zile ni kali.