NDOTO YAKO ISIMHUKUMU MZEE WA WATU



Wengi mnaniuliza maana ya ndoto. Leo tuangalie kinachofuata ukishaamka.

Umeota baba yako mkubwa amekukaba koo. Unaamka unatokwa na jasho. Yeye amelala kwake, hajui lolote. Lakini asubuhi unapita mlangoni pake bila kumsalimu. Wiki ile mtoto akipata homa, jina lake ndilo linalokujia kwanza. Ukienda kwa mganga, umeshalibeba jina mwenyewe. Yeye anakurudishia tu. Ndoto imekuwa wazo, wazo limekuwa neno, na neno limefika kwa vijana wenye mapanga.

Watu wa Kilifi, mwisho wake tunaujua. Wazee wetu wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliotishiwa na watu wa damu yao. Na mara nyingi ukichimba unakuta ugomvi wa shamba.

Sisemi Mungu haneni kwa ndoto. Alimwonya Yusufu, mume wa Mariamu, usingizini (Mathayo 2:13). Lakini angalia: ndoto ile ilimwamsha kuokoa maisha ya mtoto. Haikumtuma kumwinulia mtu mkono.

Sasa soma Mwanzo 37. Kijana Yusufu aliota, akawasimulia nduguze na baba yake. Ndugu wakaamka na chuki, wakapanga kumuua. Yakobo alimkemea, kisha akaliweka jambo lile moyoni, akangoja. Ndoto ni ileile, nyumba ni ileile. Tofauti ni kile ambacho kila mmoja alikifanya na wazo lililobaki.

Mhubiri 5:3 inatufundisha kwamba shughuli nyingi huzaa ndoto. Hata wataalamu wa usingizi wanasema ndoto nzito huja zaidi kuelekea alfajiri, ndiyo maana tunaamka na hofu ikiwa bado mbichi. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini haijathibitisha kosa la mtu yeyote.

Kwa hiyo mpendwa, ukiota vibaya, fanya haya. Omba kabla hujamsimulia mtu. Jiulize ulilala na nini moyoni: deni, mirathi, maneno ya jana? Mtoto akiugua, mpeleke hospitali. Halafu nenda kwa yule mzee uliyemwota, umwamkue, ukae naye kidogo. Ukibeba na sukari robo, heri zaidi. Ukishakunywa naye chai, sura uliyoiona usiku haitakuwa na nguvu tena.

Baba, linda mawazo yetu tunapoamka. Usiku wetu usimwage damu ya mtu mchana. Katika jina la Yesu.

Kama kuna mzee ambaye hujamsalimu siku nyingi, anza naye leo. Sema AMINA.

Mchungaji wenu, Bofa.