Watamu: Sisi Wawili, Boti na Nyangumi

Kama unafikiri likizo ya Pwani ya Kenya ni kulala ufukweni na kunywa madafu tu, subiri kwanza. Watamu, mji mdogo ulio kilomita 100 hivi kaskazini mwa Mombasa, una wageni wazito kuliko sisi. Kila mwaka, hasa kati ya Julai na Septemba, nyangumi wenye nundu hupita hapa baada ya kusafiri maelfu ya kilomita kutoka bahari baridi za Antaktika. Wanafuata maji ya uvuguvugu ili wapandane na kuzaa. Kwa kifupi, nao wako fungate!

Mimi na mume wangu tulikwenda Agosti, kusherehekea miaka 5 ya ndoa. Tulipovuka mwamba wa matumbawe tu, nikaelewa kwa nini tuliambiwa tumeze dawa ya kichefuchefu mapema. Msimu wa nyangumi ndio msimu wa kusi, na mawimbi yake hayana adabu. Upepo ukizidi boti haitoki kabisa, kwa hiyo msiiweke safari hii siku yenu ya mwisho.

Saa nzima hatukuona kitu. Halafu, puu! Mvuke ukaruka juu ya maji, ukafuatwa na mgongo mweusi mrefu kuliko boti yetu. Pembeni yake, kimgongo kingine kidogo. Mume wangu, kamera mkononi, akamgeukia nahodha: "Kaka, sogea kidogo basi, nitakuongeza."

Nahodha akazima injini. "Bosi, hela naipenda," akasema, "lakini yule ananyonyesha."

Tuliishiwa maneno. Mtoto wa nyangumi huyu huzaliwa na urefu wa mita 4 hivi, na huishi kwa maziwa mazito ya mama yake ili ajenge mafuta ya kumkinga na baridi kabla ya safari ya kurudi kusini. Mama mwenyewe muda wote huo hali karibu chochote. Anatumia akiba aliyokuja nayo mwilini. Boti ikiwafukuza, mama anaacha kunyonyesha, anakimbia, na nguvu anazopoteza hapa hazirudishi hapa. Ndiyo maana mahali pengi duniani boti hutakiwa kukaa angalau mita 100 mbali nao. Na tuseme ukweli: nahodha anayekimbiza nyangumi mara nyingi ameshinikizwa na abiria kama sisi.

Basi tukakaa kimya, tumeshikana mikono, tunasikiliza viumbe wawili wakipumua. Sikumbuki mara ya mwisho tulikaa hivyo bila simu.

Siku zilizofuata niligundua kwamba yule nahodha hakuwa peke yake. Hifadhi ya bahari ya Watamu ilianzishwa mwaka 1968, na ndani ya mwamba mnaweza kuogelea juu ya matumbawe kama bwawani. Mvuvi akinasa kasa bila kukusudia, huwaita watu wa Local Ocean Conservation. Wao humpa fidia kidogo, humpima kasa, humtibu kama anaumwa, kisha humrudisha baharini. Kwenye mikoko ya Mida, daraja la mbao wanalolipia wageni limekuwa likisaidia karo za watoto wanaoishi jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke. Na msitu wenyewe, wa kilomita za mraba 420 hivi, ndiyo ngome ya sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu. Pale Gede, tangu 1993, mradi wa Kipepeo unawawezesha wanavijiji kufuga vipepeo wa msitu na kuuza pupa wao nje ya nchi. Miti ikikatwa, biashara nayo imekwisha. Mkiwa hapo Gede msiache kuona magofu ya mji wa kale, yaliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024.

Hayo ndiyo maisha ya Watamu: kiumbe akiachwa aishi, na binadamu anapata riziki.

Kufika ni rahisi. Pandeni matatu ya Mombasa kwenda Malindi, mshuke Gede, kisha tuktuk iwafikishe. Bebeni jaketi na tangawizi. Na kabla ya kulipia boti, ulizeni swali moja: "Mkimwona mama na mtoto, mnazima injini?" Akijibu kwamba mkiongeza hela atawafikisha hadi uweze kumgusa, tafuteni boti nyingine.

Picha yetu ilitoka maji matupu na kidoa cheusi. Tumeitundika sebuleni. Wageni wakija huuliza, "Mbona bahari tupu?" Mume wangu huvuta kiti, stori ikaanza: "Siku hiyo mimi nilitaka kuhonga..."