Barabara ya Norton Nyeupe

Meli kutoka Heysham hadi Douglas huchukua karibu saa nne, na Mjomba alizitumia zote kunifundisha injini. Ni fundi wa pikipiki tangu ujana wake, ameishi Birmingham miaka mingi, na ndiye aliyenitia mapenzi ya pikipiki ya Norton yenye injini ya rota kabla sijaiona hata pichani. Safari yangu ya kwanza katika Kisiwa cha Man tuliipanga wakati usio wa TT, mashindano ya pikipiki ya kisiwa hicho. Nilitaka kuiona barabara yenyewe.

"Sahau pistoni," alisema, akichora nyuma ya risiti. "Humu hakuna kinachopanda wala kushuka." Akachora chumba kilichobonyea kidogo kiunoni, na ndani yake pembetatu yenye mbavu zilizotuna. Hiyo ndiyo rota. Ikizunguka, ncha zake tatu husugua ukuta bila kuachia, na kila ubavu hufyonza hewa na petroli, hushindilia, hulipua, kisha hutoa moshi. Valvu hakuna. Mjerumani Felix Wankel ndiye aliyeibuni injini hii, na ya kwanza iliwaka katika kiwanda cha NSU mwaka 1957.

"Mbona basi pikipiki zote si za namna hii, Mjomba?"

"Joto, mwanangu. Rota imekaa katikati ya moto."

Mhandisi David Garside alianza kupambana na joto hilo akiwa katika kampuni ya pikipiki ya BSA mwaka 1969: alipitisha hewa ya kupoza ndani ya rota yenyewe. BSA ikafa. Norton Villiers Triumph iliyoirithi nayo ikasambaratika. Mradi ukayavuka makaburi yote mawili, ukahamia karakana ndogo ya Norton huko Shenstone, ambako ulizaa pikipiki za polisi zilizoitwa Interpol 2, zenye rota mbili na ujazo wa sentimita za ujazo 588. Nani angedhani kwamba bingwa angetoka humo? Brian Crighton, fundi wa idara ya huduma, alichukua moja iliyopata ajali na kuifanyia kazi nje ya saa zake. Aliona kwamba hewa iliyotoka kwenye rota ikiwa moto ndiyo iliyopelekwa kwenye kabureta, nayo hewa ya moto huua nguvu. Akautumia msukumo wa moshi wa ekzosi kuivuta na kuitupa nje, ili kabureta zivute hewa baridi. Mwaka 1989 Steve Spray akatwaa ubingwa wa Uingereza juu ya Norton nyeusi na dhahabu. Kwangu mimi hilo wazo la ekzosi linapendeza kuliko kombe lolote.

Asubuhi tuliianza njia ya mashindano kwa gari: kilomita 60.7 za barabara ya kawaida, yenye kuta za mawe, vizingiti vya nyumba na nguzo za simu. Bray Hill inateremka katikati ya makazi ya watu. Huko Ballaugh kuna daraja fupi lenye mgongo, ambapo pikipiki huruka magurudumu yote mawili. Baada ya mji wa Ramsey, ulio usawa wa bahari, mlima unaanza, na hapo Mjomba akanyamaza.

Alisimamisha gari penye mnara wa mawe wa Jimmie Guthrie, mzaliwa wa Hawick, Uskoti, aliyeshinda mara nyingi kwa Norton. Mwaka 1937 pikipiki yake ilimharibikia mahali hapa katikati ya mashindano. Wiki chache baadaye akafariki mashindanoni Ujerumani. Steve Hislop naye alizaliwa Hawick. Juni 1992, katika Senior TT, mbio kuu za kisiwa, alipita mnara huu mara sita, juu ya Norton nyeupe ya rota.

"Nilisimama hapa hapa," Mjomba akasema. "Pikipiki nyingine unazisikia zikibadilisha giya. Ile ilikuja kwa mlio mmoja wa kukwaruza, na moto ukitoka kwenye ekzosi."

Mbele zaidi, baada ya mahali paitwapo Bungalow, barabara inapanda mwinuko wenye jina la Mike Hailwood hadi zaidi ya mita 400. Hailwood ndiye aliyeipa Norton ushindi wa Senior TT mwaka 1961, na kwa zaidi ya miaka 30 hakuna aliyeurudia mpaka Hislop.

Wapanda pikipiki hapa huondoka kwa kupishana, hivyo kila mmoja hushindana na saa. Katika mbio hizo za 1992, Carl Fogarty, juu ya Yamaha, alimaliza mzunguko wa mwisho kwa wastani wa kilomita 199 kwa saa, rekodi iliyodumu hadi 1999. Hata hivyo, baada ya kilomita 364, Hislop alimshinda kwa sekunde 4.4. Miaka miwili baadaye Ian Simpson aliipa pikipiki ya Crighton ubingwa mwingine wa Uingereza.

Tulipofika Glencrutchery Road, penye mstari wa kumalizia, tuliegesha gari. Mjomba alipiga hesabu: kwa mwendo wa wastani wa Hislop, sekunde 4.4 ni mita 240 hivi. Tukazipima kwa hatua kando ya barabara, yeye akihesabu kwa sauti.