Ukifuata Ikweta utafika kwa wasemao Kihispania

MSOMAJI mpendwa, mwulize mwanao nchi zinazosema Kihispania ziko wapi. Aghalabu atakutajia Uhispania kwa sababu ya Real Madrid na Barcelona, kisha Argentina kwa sababu ya Maradona na Messi. Hapo atanyamaza. Kumbe nchi ambazo Kihispania ndicho lugha ya serikali ni 20: moja iko Ulaya, 18 ziko Amerika na visiwa vyake, na moja iko papa hapa barani Afrika.

Leo hatutazizuru zote. Tutashika njia moja ambayo kila mtoto wa shule nchini Kenya anaijua, yaani mstari wa Ikweta, tuufuate kuelekea magharibi tuone unatufikisha wapi.

Tandaza ramani mezani, uweke kidole Nanyuki. Sogea polepole: Maseno, Ziwa Victoria, kusini mwa Uganda, misitu ya Kongo, kisha Gabon. Hapo nchi kavu inakwisha na unaingia Bahari ya Atlantiki. Tua kidogo, kwani umefika mlangoni pa Guinea ya Ikweta.

Jina la nchi hii linaweza kukuhadaa. Ikweta haigusi ardhi yake hata kidogo! Sehemu yake ya bara, uliko mji wa Bata, iko kaskazini ya mstari. Kisiwa kikubwa cha Bioko, uliko mji wa Malabo, kiko kaskazini zaidi, karibu na Kameruni. Lakini kisiwa chake kidogo cha Annobón kiko kusini. Mstari unapita baharini katikati, kama mgeni anayepita uani bila kuingia nyumbani.

Ni nchi ndogo, ya kilomita za mraba 28,000 hivi. Kenya ni kubwa kuishinda zaidi ya mara 20. Ilipata uhuru kutoka kwa Uhispania tarehe 12 Oktoba 1968, karibu miaka mitano baada yetu. Mtoto wa huko husomeshwa kwa Kihispania, lakini bara wenyeji wengi ni Wafang, na Bioko ndiko kwa Wabubi. Kifang na Kibubi ni lugha za Kibantu, ndugu zake Kiswahili.

Huenda ukauliza, mbona Uhispania, iliyotawala karibu nusu ya Amerika, ikapata sehemu ndogo hivi huku Afrika? Jibu liko katika mstari mwingine, ambao hauonekani tena kwenye ramani za shule. Mnamo 1494, katika mji wa Tordesillas, wafalme wa Uhispania na Ureno waligawana dunia kama watu wanaogawana keki. Walichora mstari baharini kutoka kaskazini hadi kusini. Nchi mpya za upande wa magharibi zikawa za Uhispania, na za upande wa mashariki zikawa za Ureno. Wenye nchi zenyewe hawakuulizwa.

Ndiyo sababu aliyefika Mombasa mwaka wa 1498 alikuwa Mreno, Vasco da Gama, na Ngome ya Yesu tunayoizuru hadi leo ilianza kujengwa na Wareno mnamo 1593. Ndiyo sababu pia Kiswahili kina maneno ya Kireno kama vile meza, leso na gereza. Uhispania ilipata Bioko, wakati huo ikiitwa Fernando Po, pamoja na Annobón mwaka wa 1778 tu, kwa kubadilishana na Ureno kwa ardhi ya Amerika Kusini. Ilikuwa ikitafuta mahali pake pa kununulia watumwa.

Haya, tuvuke Atlantiki. Ikweta inaingia Amerika Kusini karibu na mji wa Macapá, kwenye mlango wa Mto Amazon. Hapa ni Brazil, na wenyeji wanasema Kireno. Usishangae, kwani pembe ya mashariki mwa bara ndiyo iliyoangukia upande wa Ureno katika ule mgawo wa 1494.

Pita msitu wa Amazon, siku nyingi za mashua, hadi Kolombia. Sasa umeingia kwa Wahispania wa Amerika. Hii ndiyo nchi pekee ya Amerika Kusini yenye pwani mbili, moja ya Bahari ya Karibi na nyingine ya Pasifiki. Upande wa Ikweta ni msitu mtupu na watu ni wachache. Wengi wanaishi kwenye milima ya Andes, na mji mkuu, Bogotá, uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Mkazi wa Limuru angezoea baridi yake kwa urahisi.

Hebu tuuache mstari kwa muda, twende kaskazini hadi Cartagena, kwenye pwani ya Karibi. Katika bandari hii Wahispania waliwateremsha maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliouzwa utumwani, wengi wao wakitoka Kongo na Angola. Wapo waliotoroka wakakimbilia vichakani na kujenga vijiji vyenye maboma. Kiongozi wao mashuhuri, Benkos Biohó, alinyongwa na Wahispania mwaka wa 1621, lakini vijiji havikufa. Kimoja, San Basilio de Palenque, kipo hadi leo, na mwaka wa 2005 shirika la UNESCO lilikitambua kuwa hazina ya utamaduni wa binadamu.

Watu wa Palenque wana lugha yao, Kihispania kilichochanganyika na Kikongo. Sasa sikiliza, msomaji. Mtoto huitwa "moná", na ng'ombe huitwa "ngombe"! Miaka 400 imepita na bahari nzima iko katikati, lakini mtoto wa Malindi au wa Kakamega akiyasikia maneno hayo hahitaji mkalimani.

Turudi kwenye Ikweta, kituo cha mwisho. Ni Ekuador, nchi iliyochukua jina la mstari wenyewe ilipojitenga na Kolombia mwaka wa 1830. Kwa ukubwa haifikii nusu ya Kenya, lakini ina pwani yenye joto, milima yenye theluji, msitu wa Amazon, na visiwa vya Galápagos vilivyo kilomita 1,000 hivi baharini. Huko ndiko Charles Darwin alikofika mwaka wa 1835 na kuwaona wale kobe wakubwa mno.

Mji mkuu, Quito, uko mita 2,850 juu, kilomita chache tu kusini ya Ikweta. Wanafunzi, hili ni somo la kukumbuka katika mtihani: kuwa karibu na Ikweta si lazima kuwe na joto. Mwinuko ndio unaoamua, kama Mlima Kenya unavyotuonyesha. Jua huchomoza mwendo wa saa kumi na mbili mwaka mzima, kama kwetu, ila saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa nane. Ukiketi kula chajio saa mbili usiku, Quito ni saa sita mchana.

Mnamo 1736 wanasayansi kutoka Ufaransa walifika huko kupima umbo la dunia. Vipimo vyao vilisaidia kuthibitisha kwamba dunia imevimba kiunoni, kwenye Ikweta. Kwa sababu ya uvimbe huo, kilele cha mlima Chimborazo wa Ekuador, wenye mita 6,263, kiko mbali zaidi na kitovu cha dunia kuliko kile cha Everest.

Kuna jambo jingine linalotuhusu. Waridi za Naivasha zinapofika soko la Ulaya hukutana na waridi za Ekuador na Kolombia. Ni wapinzani wetu wakubwa, na sababu ni ile ile: jua la Ikweta mwaka mzima pamoja na hewa baridi ya milimani.

Nako Ekuador, chini ya Kihispania kuna lugha nyingine. Wenyeji wa milimani husema Kichwa, ndugu ya lugha ya dola la Inka, na katiba ya 2008 inaitambua pamoja na Kishuar. Maneno puma na llama, yanayotumiwa leo duniani kote, yalitoka katika jamii hiyo ya lugha za Andes.

Basi, mzazi, mwanao akikuuliza Wahispania wa Amerika na Afrika ni watu gani, usimjibu kwa neno moja. Mwambie wapo Wafang, Wabubi, wajukuu wa Kongo na wana wa Andes, waliofundishwa lugha moja na wageni waliokuja kwa merikebu. Walioendelea kusema lugha zao nyumbani bado wanazo. Mtoto wa Nairobi anayesoma kwa Kiingereza mchana kutwa yumo katika hali hiyo hiyo. Jioni, mtakapoketi mezani, msikilize anasema lugha gani.