Nyimbo 150 kwenye CD moja, lakini matoazi yako wapi?

Wadau, leo naomba niongelee kitu kinachonikera masikioni. Ukipita Mchafukoge, au ukivuka Mnazi Mmoja kuingia Kariakoo, hukosi kijana mwenye kompyuta na spika anayekuwekea nyimbo kwenye flashi. Zamani alikuwa anakuchomea CD. Zilipendwa zote anazo: NUTA Jazz, Morogoro Jazz, Mlimani Park. Bei poa. Shida ni sauti.

Hesabu yenyewe ni rahisi. CD ya kawaida hutumia kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya kilobiti 128 ni kama sehemu moja ya kumi na moja tu, ndiyo maana CD ya megabaiti 700 ikabeba nyimbo kama 150. Wajerumani wa Fraunhofer walioshiriki kuibuni hawakuwa wajinga: hutupwa zile sauti ambazo sikio halizipati kwa sababu zimefunikwa na kubwa zaidi. Kwenye kilobiti 256 wengi wetu hatutambui tofauti. Ukishuka sana, matoazi yanalia kama mafuta ya kukaangia chipsi.

Kinachoua zaidi ni kurudiarudia. Kaseti inageuzwa MP3, inachomwa CD ya kawaida, mwingine anaigeuza tena MP3. Kila safari kuna kinachotupwa. Ukiambiwa wimbo umepandishwa hadi 320, ujue faili limenenepa tu. Kilichotupwa hakirudi.

Kuna mzee mmoja mpenzi wa dansi nilimsikilizisha wimbo wa Morogoro Jazz kwenye simu. Akaniuliza, "Mwanangu, gitaa la pili mmelipeleka wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979, hawezi kurudi studio kutupigia upya. Muziki mwingi wa enzi zile ulirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda huzeeka. Kwa hiyo nakala ya kwanza kutoka kwenye kanda au santuri iwe WAV, au FLAC iliyopo tangu 2001, ambayo hupunguza faili bila kutupa chochote. MP3 ya kusikilizia kwenye daladala itengenezwe baadaye kutoka humo.

Nanyi wadau, kama nyumbani kuna kaseti za mzee kabatini, msikimbilie 128 ili mjaze flashi. Huenda nakala yenu ndiyo pekee iliyobaki na gitaa la pili.