Ziara ya Deni: Kwa Reli na Matatu hadi Embu na Meru



Wasomaji wetu wapenzi, wiki hii hatuna darsa, tuna safari. Wengi wenu mnajua kwamba Mola alituondolea nuru ya macho miaka saba iliyopita kwa maradhi ya presha ya macho, na kwamba maneno haya sisi huyatamka na binti yetu mdogo ndiye ayaandikaye. Katika miaka saba hiyo watu wametuzuru sana, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Sisi hatukumzuru mtu. Swahiba wetu wa Meru, tuliyesoma naye Riyadha, Lamu, amekuja Mombasa mara tatu kututazama. Mkewe alipofariki tulimpigia simu, tukamwombea marehemu, kisha tukataja macho, naye akajibu kwamba udhuru wetu ameukubali. Jawabu hilo lilitukwama kooni kama mwiba wa samaki, kwa kuwa tulijua kwamba wiki ile tungeweza kwenda.

Ibn Ummi Maktum, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alikuwa haoni wala hakuwa na wa kumshika mkono daima. Alipoomba ruhusa ya kuswali nyumbani, Mtume (s.a.w.) alimuuliza kama anaisikia adhana, na aliposema anaisikia akaambiwa aiitikie. Hadithi hii tumeisomesha miaka mingi. Ni rahisi kuisomesha.

Basi Shawwal iliyopita tukaazimia. Mama watoto hakupinga safari, alipinga basi. Nani wa Mombasa aliyeisahau tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kuja kwetu lilipotumbukia katika daraja la mto Nithi, wakafa watu zaidi ya 30? Tukamwahidi kwamba tutakwenda kwa reli. Ahadi ilikuwa ya kweli kwa kiasi chake, maana reli haifiki Embu wala Meru. Ile ya Nanyuki hupita upande wa pili wa mlima, na kituo kinachofaa kwa mwenda Embu ni Sagana. Baada ya hapo ni matatu, na barabara ya kutoka Embu kwenda Meru hulipita daraja lile lile. Hilo hatukulitaja.

Binti yetu alikuwa likizoni, akawa mwenzetu. Yeye alituongoza njia, nasi tulikuwa mahramu wake, kila mmoja akimhitaji mwenziwe. Alhamisi asubuhi tulikuwa Miritini. Mnaojua kituo kile mnajua kwamba mizigo hupangwa chini, abiria wakasimama kando, na mbwa wakapitishwa kunusa. Asiyeona atajuaje kama pua ya mbwa imegusa mfuko wenye msala wake? Binti akasema haikugusa. Na lau hakuona, asili ya kitu ni tohara mpaka iwepo yakini; mtu asijitie wasiwasi akaanza kuosha mikoba kwa udongo mbele ya watu.

Treni ya reli hii mpya, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, ni nzuri na ina kasi, lakini kwa asiyeona ni kama kukaa chumbani. Vyuma vyake vimeunganishwa vikawa kama kimoja, havigongi. Tungekuwa Mackinnon Road au Mtito Andei tusingejua. Watoto wa kiti cha mbele walipiga kelele kwamba wameona ndovu wa Tsavo, na binti akatueleza kuwa ni wekundu kwa vumbi la huko. Tulifurahi, lakini furaha ya kuazima.

Ijumaa, baada ya kulala kwa jamaa zetu Pumwani, tulipanda treni ya zamani katika stesheni kuu ya Nairobi. (Atakayeuliza kuhusu swala ya Ijumaa ajue kwamba sisi tulikuwa wasafiri tangu Mombasa, wala haikutuwajibikia.) Reli hiyo ilifika Thika mwaka 1913 na Nanyuki yapata mwaka 1930, kisha abiria wakaachwa muda mrefu mpaka ilipokarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2020. Ni ya polepole, inatikisika, na tuliipenda kuliko ya kwanza. Vyuma vinagonga kila kiungo, na mgongo huo ukibadilika sauti unajua hapa ni daraja, hapa ni mlima, hapa dereva anaogopa kona. Dirisha lilikuwa wazi. Harufu ya moshi wa kuni ilipita, kisha ya mananasi, na kabla binti hajasoma ubao tukamwambia hii ni Thika. Katika mji huo ndiko Jeshi la Wokovu lilikofungua skuli ya wasioona mwaka 1946. Tulijiuliza ni watoto wangapi wa pwani walioletwa huku na wazazi wao kusoma maandishi ya nukta, na wangapi waliofichwa vyumba vya nyuma wageni wanapokuja. Enyi mama zetu, hilo la pili bado lipo, na nyumba nyingine twazijua.

Jambo moja la njiani tuliseme, mahali pake tusipataje. Mtu alimuuliza binti yetu, nasi tumekaa hapo, "Huyu anakwenda wapi?" Binti akanyamaza. Tukajibu wenyewe: "Huyu anakwenda Sagana." Mtu huyo akacheka kwa haya na akaomba radhi. Hakuwa na nia mbaya. Wengi hudhani kwamba macho yakifungwa, masikio nayo hufungwa.

Sagana tulishuka baada ya adhuhuri. Kibla cha huku ni kaskazini, kikielemea mashariki kidogo. Asiyeona, kwa mujibu wa madhehebu yetu ya Shafi, humfuata mwaminifu anayemwelekeza, awe mwanamume au mwanamke. Binti alitugeuza mabega, tukaswali kasri na kujumuisha nyuma ya kibanda cha mpiga picha, kwa idhini yake.

Tukisubiri matatu, tumesimama na kanzu yetu na fimbo nyeupe, mkono mkavu wa bibi mzee ulitushika kiganja, ukaweka sarafu, ukakifunga. Akasema neno kwa Kikikuyu na akenda zake. Ilikuwa shilingi ishirini. Damu ilitupanda kichwani. Sisi wenye nyumba, wenye wanafunzi! Binti alitaka kumkimbilia airudishe, tukamzuia, kwa kuwa bibi yule alitoa kwa ajili ya Mungu na kumrudishia mbele ya watu ni kumvunja. Lakini kuiweka mfukoni nako hakufai. Anayepewa kwa kudhaniwa mhitaji hali si mhitaji, haimhalalikii. Binti, mtoto wa sheikh, akasema kwa upole, "Baba, si wewe ni ibnu sabil leo?" Tulicheka, hasira ikapungua. Sarafu tulikaa nayo mkononi mpaka Embu. Kumtambua maskini ni shida kwa asiyeona, yapasa maskini aseme. Baada ya swala ya magharibi msikitini, sauti mlangoni ikaomba, tukaitoa pamoja na kitu chetu.

Wenyeji wetu wa Embu walitukirimu ukarimu ambao hatutausahau, na ulituchosha. Tulishikwa viwiko vyote viwili kama mtu anayepelekwa mahakamani. Watoto walinyamazishwa, ilhali sauti zao ndizo zingetuonyesha ukubwa wa chumba. Wali wa pishori wa Mwea ulinukia vizuri, nyama ikachambuliwa vipande vidogo na kutiwa mkononi mwetu kipande baada ya kipande. Tulikula kidogo, tukasema tumeshiba. Katika Sura An-Nur, aya ya 61, Mwenyezi Mungu amemtaja kipofu, kilema na mgonjwa, kwamba hawana lawama, kisha akataja nyumba ambazo mtu hula bila lawama, za wazazi, za ndugu, mpaka nyumba ya rafiki. Miongoni mwa waliyoyataja wafasiri ni kwamba wasioona waliona haya kula pamoja na watu, wakihofia kwamba mikono yao itawakera wenzao. Usiku ule tuliifahamu haya hiyo. Anayetaka kumwongoza asiyeona ampe kiwiko chake ashike, atangulie nusu hatua, na aseme palipo na ngazi. Inatosha.

Jumamosi tulikwea matatu ya Meru. Harufu ya muguka ilijaa garini, na jirani yetu alikuwa mkulima wake. Alipojua tumetoka Mombasa alituuliza kuhusu marufuku ya mwezi wa Mei 2024. Tulimwambia kwamba kwetu kuna mama wanaowalilia vijana wao. Naye akasema kwamba karo ya wanawe hutoka katika majani yale. Hatukukubaliana, wala hatukugombana, na alipotushusha njiani kunywa chai alitulipia. Runyenjes tulipita, kisha Chuka, gari likiingia mabondeni na kutoka, masikio yakiziba na kuzibuka. Mteremko mmoja ulikuwa mrefu kuliko yote, na garini maongezi yalikatika bila mtu kuamrisha. Binti alitushika mkono. Hakusema jina la mto, wala hatukuuliza. Tulisoma dua mpaka gari lilipoanza kupanda.

Swahiba wetu alitupokea stendi kwa kelele. Hakutushika. Alisimama karibu, akagusisha kiwiko chake na mkono wetu, na kabla hatujavuka barabara alikwisha kufufua ubishi wa nahau tuliouacha Lamu tukiwa vijana. Jirani yake alisoma skuli ya wasioona ya Mtakatifu Lucy, Igoji, na ndiye aliyemfundisha kwamba sahani huelezwa kama saa. Akatuambia nyama iko saa tisa. Tukapeleka mkono kulia, tukakuta sukuma wiki. Kumbe yeye alikusudia tarakimu ya tisa ya saa ya ukutani, nasi tukahesabu saa ya Kiswahili. Alicheka mpaka akakohoa. Tulikula ndizi, viazi na mbuzi, tukapakaa kanzu mchuzi, hakuna aliyetufuta. Baada ya isha alitutangaza msikitini kwamba tutatoa darsa, bila kutuuliza kwanza.

Usiku, watu walipoondoka, tulimwambia kuhusu ile simu ya msiba, kwamba udhuru ule haukuwa kamili. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Nilijua. Nilikungoja." Baridi ya Meru ilikuwa kali. Alfajiri alitupeleka makaburini, akatuwekea mkono juu ya udongo ili tujue mahali, tukaomba.

Jumapili hiyo alitusindikiza mpaka Nanyuki kwa njia ya Timau, tukigombania nauli, akashinda yeye. Treni ilipoanza kwenda alitembea kando yake akituhadithia kwa sauti kile anachokiona, mlima umevua mawingu, mtoto anakimbiza mbuzi, mpaka behewa likamwacha.

Jioni mama watoto alipiga simu akauliza tumepitia njia gani kutoka Embu. Tulimpa binti simu ajibu yeye.